Uzi: Wimbi la sauti lililosimama kabla hakujawa na nyota, na jinsi lilivyopanga galaksi mpaka leo

FundiNgamiani:
Asalaam aleikum wakuu, habari za jioni. Kuna jambo nimekaa nalo kifuani muda mrefu leo naliweka hapa jamvini, ni refu kwa hiyo mwenye haraka apite atarudi baadae.

Mimi ni fundi redio na TV hapa Tanga, Ngamiani, kazi nimerithi kwa marehemu baba. Enzi zile kabla ya ving'amuzi nusu ya kazi zetu zilikuwa chenga, yale madoa meupe yanayocheza cheza kwenye kioo. Mtu anakuja na TV ya chogo kaibeba kwenye baiskeli, fundi hii inaleta chenga, basi unafungua, unasafisha, unapanda juu ya bati unazungusha antena uielekeze Mombasa au Pemba, chenga zinapungua lakini haziishi. Baba alikuwa akisema chenga nyingine ni za Mungu, usimlipishe mtu.

Miaka mingi baadae ndo nikaja kusoma kwamba katika zile chenga, kama sehemu moja katika mia ilikuwa ni mwanga wa zamani kuliko wote uliopo. Nilikaa kimya dukani siku nzima wallahi. Nilikuwa nausugua na kuulaani kwa miaka.

Waliougundua ni mafundi wenzangu, naomba niwaite hivyo kwa heshima, Arno Penzias na Robert Wilson, mwaka 1964 huko Holmdel, New Jersey, Marekani. Walikuwa na antena kubwa ya umbo la pembe, kila wakipima wanakuta kelele ndogo haiondoki. Waigeuze juu, waigeuze upande wa jiji la New York, mchana, usiku, msimu baada ya msimu, kelele ile ile. Wakabandika viungio upya, wakakuta njiwa wamejenga ndani wakawatoa na kinyesi wakakisugua chote, kelele bado ipo. Aliyewahi kutafuta muungurumo kwenye amplifaya mpaka usiku wa manane anaelewa walichopitia. Kumbe haikuwa hitilafu, ni mwanga ulioachiwa ulimwengu ukiwa na umri wa miaka kama 380,000 tu, na leo ulimwengu una miaka bilioni 13.8. Ulipoachiwa kulikuwa na joto la nyuzi 3,000 hivi, ukasafiri huku ukinyooshwa na anga linalotanuka mpaka umekuwa mawimbi ya redio, umepoa umebaki nyuzi 2.7 juu ya sifuri kamili, yaani kama 270 chini ya pale maji yanapoganda. Habari ikatoka 1965, mwaka 1978 wakapewa tuzo ya Nobel.

Lakini uzi huu sio wa chenga. Ni wa kile kilichokuwa kinatokea KABLA ule mwanga haujaachiwa, maana ndicho kilichoamua galaksi, yale makundi makubwa ya mabilioni ya nyota, zikae wapi. Na kilichokuwa kinatokea ni sauti. Sauti kabisa, kubana na kuachia, kama koni ya spika inavyosukuma hewa.

Naenda kuswali magharibi nikirudi naendelea.

KijanaChuda:
Nimekaa siti ya mbele fundi, tiririka

BintiMakorora:
Hapo kwa baba na chenga za Mungu umenigusa. Mungu amrehemu mzee.

FundiNgamiani:
Amina dada. Nimerudi.

Kabla ya hiyo miaka 380,000 ulimwengu mzima ulikuwa wa moto kiasi kwamba elektroni haiwezi kutulia na protoni ikawa haidrojeni. Elektroni zinazurura ovyo, na mwanga kila ukitaka kwenda unazigonga unarudishwa, mfano wa taa ya mashua kwenye ukungu mzito. Kwa hiyo mwanga na maada vikawa vimeshikana vinakwenda kama kitu kimoja, na mwanga ulikuwa mwingi mno, kwa kila protoni moja chembe za mwanga zaidi ya bilioni moja.

Sasa ule uji haukuwa laini. Kulikuwa na sehemu nzito kidogo na sehemu nyepesi kidogo. Zilitoka wapi? Wengi wanakubali wazo lililoanza na Alan Guth mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwamba katika punje ya kwanza kabisa ya sekunde anga lilitanuka ghafla kupita kiasi, na ile mitetemo ambayo haikosekani kwenye vitu vidogo sana ikavutwa ikawa mikubwa. Hilo bado linatafutiwa ushahidi wa moja kwa moja, nasema mapema ili mtu asije akasema fundi kadanganya. Ila kuanzia hapa ninapoendelea ushahidi upo na umepimwa.

Chukua donge moja zito. Graviti inavuta vitu viingie. Vikiingia mwanga unabanwa, na mwanga ukibanwa unasukuma kurudi nje, fanya kama pampu ya baiskeli ukiziba tundu kwa kidole. Ule msukumo unatoka pande zote kama mpira unaojazwa upepo, ndiyo hiyo sauti, mwendo wake zaidi ya nusu ya mwendo wa mwanga, kama kilomita 170,000 kwa sekunde. Likaenda hilo wimbi, likaenda, mpaka ulimwengu umepoa vya kutosha, elektroni zikatulia na protoni, ukungu ukafunguka, mwanga ukachomoka ukaenda zake. Na mwanga ndo uliokuwa msukumo wenyewe. Msukumo umeondoka, wimbi halina wa kulisukuma, likasimama pale pale lilipofika, kama miaka ya mwanga 450,000 kutoka pale lilipoanzia (mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja).

Toka siku ile anga limetanuka kama mara 1,100. Kwa hiyo leo ule umbali ni miaka ya mwanga milioni 490 hivi. Wenyewe tunaambiwa Tanga waja leo waondoka leo, basi wimbi hili lilikuja likakaa moja kwa moja.

MtuWaMuheza:
Fundi mimi nina maswali mawili na naomba usinune. La kwanza tulifundishwa sekondari sauti haipiti kwenye ombwe, wewe unasema kulikuwa na sauti angani. La pili hesabu haikai, kitu kikienda nusu ya mwendo wa mwanga kwa miaka 380,000 kitafika miaka ya mwanga laki mbili na kidogo, hiyo 450,000 umeitoa wapi

FundiNgamiani:
Siwezi kununa mkuu, haya ndo maswali yenyewe.

La kwanza, ulifundishwa sawa, leo kati ya galaksi ni karibu patupu hata upige baragumu halisikiki. Ila wakati ule hakukuwa na patupu, kila mahali kumejaa mwanga na chembe vimeshikana, mwanga ndo springi na chembe ndo uzito, ukiwa na springi na uzito una mtetemo.

La pili, chukua mpira wa manati, ule wa kukata kwenye tyubu. Mweke sisimizi atembee juu yake huku wewe unauvuta. Ukija kupima alipotoka mpaka alipo utakuta ni mbali kuliko hatua alizopiga, maana njia aliyokwishapita nayo imevutika nyuma yake. Wimbi lilikuwa linatembea kwenye anga linalotanuka, umbali ukawa mkubwa kuliko mwendo mara muda.

MtuWaMuheza:
Hapo kwenye manati nimekuelewa vizuri sana

NahodhaSahare:
Fundi shikamana na hilo. Mimi sikusoma sana ila unachosema nakiona kila bamvua. Maji yakitoka kwenye fungu mchanga unabaki na makunyanzi, mistari mistari, mawimbi yenyewe yameshaondoka lakini sura yao wameiacha. Na ukitazama nafasi kati ya kunyanzi na kunyanzi unajua maji yalikuwa yanachezaje pale, kama ni maji makali au maji mafu. Ndivyo hivyo?

FundiNgamiani:
Shikamoo ami nahodha. Ndivyo hivyo hasa, na nimehangaika miaka kutafuta mfano kama huo. Maji yametoka sura imebaki, na ile nafasi ndo inakwambia habari za maji.

Kuna tofauti moja tu naomba niongeze. Kwenye fungu mawimbi yanakuja upande mmoja ndo maana mistari inaonekana kwa macho. Huku wimbi lilianza kila mahali kwa wakati mmoja, kila donge na duara lake, ni kama mvua inaponyesha kwenye dimbwi, maduara yanapandana mengi mpaka huwezi kuonyesha moja kwa kidole. Kwa hiyo ukitazama ramani ya galaksi huoni pete. Unachofanya ni kuchukua galaksi mbili mbili, unapima umbali kati yao, unarudia kwa maelfu kwa maelfu, halafu unatazama umbali gani unajirudia kupita kawaida. Na hapo kwenye milioni 490 kuna kinundu kidogo, kama asilimia moja tu ya ziada. Asilimia moja wakuu. Kuitoa hiyo kwenye vurugu yote ile ni kazi ya uvumilivu kuliko kazi yoyote ninayoijua.

MwalimuPongwe:
Fundi shikamoo. Mimi nafundisha fizikia, nafuatilia toka mwanzo na nimeshanakili mfano wa pampu. Naomba ufafanue kitu, kama wimbi lilibeba maada kwenda nje, basi pale katikati si pabaki patupu? Galaksi za katikati zinatoka wapi?

FundiNgamiani:
Marahaba mwalimu. Hapa ndo inaingia maada giza. Ni maada ambayo haitoi mwanga wala haisukumwi na mwanga, inajulikana kwa uzito wake tu. Fritz Zwicky aliishuku 1933 alipoona galaksi za kishada cha Coma zinakimbia kasi kuliko uzito unaoonekana unavyoweza kuzishika, na Vera Rubin miaka ya 1970 akaikuta tena kwenye mzunguko wa galaksi moja moja. Sasa kwa kuwa haisukumwi na mwanga, wimbi lilipoondoka na maada ya kawaida, maada giza ilibaki pale pale katikati. Baadae mwanga umeshaondoka hivi viwili vikaanza kuvutana, maada ya kawaida nyingi ikarudi kuangukia katikati, na maada giza nayo kidogo ikavutwa kwenye lile ganda la nje. Ndo maana tunapata galaksi nyingi katikati na ongezeko dogo kwenye ganda.

Halafu kuna hesabu moja naipenda mno, tafadhali wape vijana. Mwaka 1992 kutoka kwenye satelaiti ya COBE ilionekana kwamba ule mwanga wa zamani sio laini, una tofauti za kama sehemu moja katika 100,000. Donge lililozidi uzito kidogo tu likiachiwa likue kwa graviti linakua sambamba na anga linavyotanuka. Anga limetanuka mara 1,100 toka pale. Zidisha sasa, sehemu moja katika laki mara 1,100 unapata kama sehemu moja katika mia. Yaani mpaka leo hii donge zito lingekuwa limezidi wastani kwa asilimia moja tu, ulimwengu ungekuwa bado uji, hakuna galaksi, hakuna Jua, hakuna Tanga. Maada giza ndo iliyotuokoa kwa sababu haikusubiri mwanga uondoke, yenyewe ilianza kujikusanya mapema, maada ya kawaida ilipoachiwa ikakuta mashimo yameshachimbwa ikaangukia humo.

MwalimuPongwe:
Hii hesabu inaingia ubaoni Jumatatu asubuhi.

BintiMakorora:
Subhanallah. Fundi mi nauliza la kawaida, sasa ukizitazama hizo galaksi zote kwa pamoja zimekaaje? Zimetapakaa kama nyota tunazoziona au?

FundiNgamiani:
Hapana dada, na hili liliwashangaza hata wenyewe. Mwaka 1986 Valérie de Lapparent, Margaret Geller na John Huchra walichora ramani ya kipande chembamba cha anga, galaksi kama 1,100, wakakuta zimekaa kama povu la sabuni kwenye beseni. Katikati ya povu patupu, galaksi ziko kwenye kuta. 1989 Geller na Huchra wakatangaza ukuta mmoja mrefu kama miaka ya mwanga milioni 500. Na kuna pengo kwenye upande wa kundi la nyota la Boötes, lililogunduliwa 1981, lenye upana wa zaidi ya miaka ya mwanga milioni 300 na ndani yake galaksi ni za kuhesabu.

Kwa nini iwe povu, aliyeelezea vizuri ni mwanafizikia wa Kisovieti Yakov Zeldovich mwaka 1970. Donge halijawahi kuwa mviringo kamili, lina upande mmoja mfupi. Likianza kujivuta lenyewe linaanguka kwanza kwenye ule upande mfupi, linakuwa bapa kama chapati. Halafu chapati inajikunja upande wa pili inakuwa uzi, kisha vitu vinateremka kwenye uzi vinakwenda kujikusanya kwenye fundo. Kwa hiyo una chapati, nyuzi na mafundo, na kinachobaki katikati ni mapengo ambayo kila siku yanazidi kuwa matupu maana majirani wanavuta kila kilichomo. Mimi hapo naona jarife kabisa, nyuzi na mafundo, ila jarife ambalo matundu yake yanatanuka.

Sisi wenyewe tupo kwenye uzi mmojawapo. Galaksi yetu inavutwa pamoja na nyingine nyingi katika eneo lililopewa jina Laniakea mwaka 2014, upana wake kama miaka ya mwanga milioni 500. Ni saizi ya karibu na ule umbali wa sauti lakini tusichanganye, ni vitu viwili tofauti.

MtuWaMuheza:
Swali la mwisho. Haya mambo ya miaka bilioni hakuna aliyekuwepo. Mtu akiona kinundu cha asilimia moja kwenye takwimu anaweza akakitungia hadithi yoyote. Kwa nini niamini ni hiyo sauti?

FundiNgamiani:
Kwa sababu hadithi ilitangulia kinundu mkuu. Mwaka 1970 James Peebles na Jer Yu kule Marekani, na Rashid Sunyaev na Zeldovich kule Urusi, walikokotoa kwamba kama ulimwengu ulianza kwa joto basi lazima kuwe na mawimbi haya na lazima yaache alama kwenye maada. Wakati huo hakuna darubini inayoweza kupima. Imekaa miaka 35. Mwaka 2005 timu mbili tofauti, moja ya mradi wa Sloan wenye darubini New Mexico iliyotumia galaksi 46,748, nyingine iliyotumia darubini ya Australia, wote wakakikuta. Na kilikuwa pale pale. Ni sawa na mtu akwambie chini ya mbuyu ule ukichimba futi kadhaa utakuta jiwe la umbo hili, anakufa bila kuchimba, halafu watu wawili wasiojuana wanakuja wanachimba wanalikuta. Peebles Mungu alimpa uhai akaona, Nobel akapewa 2019.

Na kuna shahidi wa pili, ule mwanga wa zamani wenyewe. Sauti ile ile imeacha alama mara mbili, mara moja kwenye mwanga na mara moja kwenye galaksi. Kwenye mwanga alama inaonekana kama madoa, na doa linaloonekana sana lina upana wa kama nyuzi moja angani, mara mbili ya upana wa Mwezi tunavyouona. Chini ya doa kubwa kuna madogo yake. Wapiga udi wa taarabu watanielewa, uzi wa udi ukiugusa unatoa sauti yake kubwa halafu na zile ndogo zinazopanda juu yake, na kwa kusikiliza hizo ndogo ndo unajua hiki ni chombo gani, mbao gani, uzi gani. Satelaiti ya WMAP na baadae ya Planck iliyorushwa 2009 zilisikiliza hivyo hivyo. Zile sauti ukizichora kwenye grafu zinatokea kama miinuko, mwinuko wa pili unakupa uzito wa maada ya kawaida, wa tatu unakupa maada giza. Ndo zilipotoka zile namba, maada ya kawaida kama asilimia 5, maada giza 27, nishati giza (ile inayolifanya anga lizidi kutanuka kwa kasi) 68. Sasa namba zilizopatikana kwenye mwanga ukizitumia kukokotoa kinundu cha galaksi kikae wapi, zinakupeleka pale pale.

MtuWaMuheza:
Nimekubali. Sio kwa heshima tu, nimekubali kweli.

KijanaChuda:
fundi hiyo nishati giza mbona umeipita haraka, nasikia kuna mambo mapya

FundiNgamiani:
Yapo kijana wangu. Kwa kuwa ule umbali wa sauti unajulikana, umegeuka kuwa futi kamba. Unaupima kwenye galaksi za karibu, unaupima kwenye za mbali ambazo mwanga wake ulitoka zamani, unaona anga lilikuwa linatanuka kwa kasi gani kila zama. Kule Kitt Peak, Arizona kuna kifaa kinaitwa DESI, kina nyuzi za kioo 5,000 na kila moja ina kiroboti chake cha kuielekeza kwenye galaksi yake, dakika chache zikipita zinahamishwa kwenye nyingine 5,000. Machi 2025 walitoa vipimo vya karibu galaksi na kwaza (viini vya galaksi vinavyong'aa mno) milioni 15. Futi kamba ilisoma vizuri, ila wakichanganya na vipimo vingine inaonekana kama nishati giza haikai palepale, kama vile inapungua nguvu jinsi muda unavyokwenda. Haijafika kiwango cha kusema imethibitika. Wakati huohuo darubini ya Euclid ya Ulaya ipo angani toka Julai 2023 inapima hilo hilo, na Afrika Kusini kule Karoo wanajenga SKA ambayo itasikiliza haidrojeni yenyewe kwa redio. Kwa redio! Nikifikiria kwamba baadhi ya majibu yatapatikana kwa antena zilizosimama kwenye ardhi ya bara letu nafurahi sana.

MwalimuPongwe:
Fundi, hiyo TV ya chogo bado unayo? Vijana wangu wa kidato cha nne wamekulia wakati wa ving'amuzi, chenga hawajawahi kuziona.

FundiNgamiani:
Ninayo mwalimu, ya baba, ipo juu ya kabati na inawaka. Walete Jumamosi baada ya alasiri. Antena nimeishusha muda mrefu, kesho naipandisha juu ya bati.

NahodhaSahare:
Na mimi nakuja.